Chumvi ya Mchana

Katika nyumba ile mkojo ulikuwa habari njema. Watu wenye figo zao mbili hawalijui hilo, na Mungu awaepushe kulijua. Wao huingia chooni wakatoka bila kumshukuru yeyote. Lakini Chiriku alikuwa ameishi miaka ya kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, maji akipimiwa kwa kifuniko cha chupa, barafu akiilamba kwa kificho. Kisha mama yake akampa figo moja. Siku figo ile ilipoanza kazi, nesi aliuinua mfuko wa mkojo wodi nzima iuone, na baba mtu akalia mbele za watu bila haya hata chembe.

Tangu hapo, kila binti yake alipokimbilia chooni, alimwitikia kutoka popote alipokuwa.

"Hongera!"

"Baba, bwana!" Chiriku alilalamika. Alikuwa na miaka kumi na aibu zake zilikwisha kuanza. "Watu wanasikia."

"Wasikie. Kwani tumeiba?"

Watu walisikia kweli, maana nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, vyumba vimepangana pande mbili za ua mwembamba, na choo kimoja mwishoni. Ufunguo wa choo ulikaa kwa mama mmoja mwenye friji, aliyeuza barafu dirishani kwake, na kwa sababu hiyo wapangaji walimwita Mama Ufunguo. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akilitazama godoro la Chiriku lililoanikwa ukutani kwa mara nyingine.

"Jamani, huyu mtoto anakunywa ziwa? Usiku kucha mlango wangu unagongwa, ufunguo, ufunguo. Na godoro nalo halikauki."

"Mama Ufunguo, uheshimu mkojo huo," baba mtu alimjibu, akifunga kamba kwenye mzigo wake wa miwa. "Tumeulipia kuliko ulivyolipia friji yako."

Ua mzima ukacheka, na Mama Ufunguo mwenyewe akashindwa kujizuia. Mama yake Chiriku ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na macho ya kuona mshono uliopinda kutoka mbali.

"Kiu yake siielewi," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Daktari alisema anywe maji, anakunywa. Figo inafanya kazi. Mtu aliyenyimwa maji miaka yote ile, leo ukimwachia mtungi, atafanyaje?"

"Na mwili anapungua."

"Ule ulikuwa uvimbe wa dawa, unashuka. Mke wangu, heri ikija nayo tuiogope?"

Mke akarudi kwenye cherehani yake. Hoja ya mumewe ilikuwa nzuri, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Laiti ingekuwa ya kipumbavu, angeipinga.

*

Mtaani walimwita Bwana Miwa. Alikuwa na mashine ya kukamulia aliyoizungusha kwa mkono, gurudumu kubwa kama la baiskeli, na alijua kuparua muwa, kuukunja, kuurudisha kwenye meno ya mashine mara ya pili na ya tatu na kipande cha ndimu katikati, hadi makapi yanatoka makavu kama kamba. Nyuki walimzoea. Nguo zake, nywele zake, hata noti alizopeleka nyumbani zilinata. Wakati wa mashine ya damu, Chiriku alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu naye, akitazama watoto wenzake wakinywa. Siku moja alimwuliza, "Baba, ina ladha gani?" Muuza juisi akageuza uso kando, akasingizia moshi, na moshi wenyewe haukuwapo.

Kwa hiyo mtu asimlaumu kama, baada ya figo, bilauri ya kwanza ya kila mchana ilikuwa ya binti yake. Kule kliniki nesi alikuwa amewaonya kuhusu vitu vitamu. Yeye aliyasikia maneno yale kwa sikio la mtu anayesikia tangazo la msiba wa mtaa wa pili.

Mchana ndio ulikuwa zamu yake. Dawa za kulinda figo mama mtu alizishika mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa saa, na saa ikifika hata mteja wa harusi angesubiri. Lakini daktari aliwaeleza kuwa moja ya dawa hizo ina tabia mbaya: inaifanya figo imwage magnesiamu kwenye mkojo, na mwili ukiishiwa magnesiamu unaharibikiwa mengi. Basi Chiriku akaandikiwa vidonge vya kurudishia kinachomwagika. Visichanganywe na zile nyingine. Apewe katikati ya siku. Nyumbani wakavibatiza chumvi. Na jina lina nguvu zake. Kitu kikiitwa chumvi, nani atakiogopa?

Vidonge vile vilimwendesha tumbo mtoto. Kwanza kidogo, kisha sana. Kuna mchana alifika kwa baba yake akiwa amefunga sweta kiunoni, hasemi, yeye ambaye jina lake lenyewe lilitokana na kutonyamaza.

"Nani kakuchokoza?"

"Hakuna."

"Chiriku."

"Nimejiharibia darasani." Midomo ilimcheza. "Mwalimu kaniambia nitoke. Wamefungua madirisha yote, Baba. Yote."

Bwana Miwa aliacha gurudumu, wateja wakasubiri. Alimwosha nyuma ya kibanda kwa maji ya kuoshea bilauri, akamfunga shuka lake la kujifunikia jua. Wakati wa kidonge ulipofika, mtoto alikitazama kiganjani mwa baba yake, asikatae wala asikichukue. Akalia tu, kimya kimya.

"Basi," baba alisema. "Leo tupumzike. Ni chumvi tu hii."

Kesho yake tumbo lilikuwa limetulia, na Chiriku alikuja akiimba. Nani angekuwa na moyo wa kuuzima wimbo ule? Wakapumzika tena. Kila mkewe alipomkabidhi pakiti mpya, yeye alivitoa vidonge kimoja kimoja na kuvitupa kwenye lundo la makapi. Alijiambia atamweleza mkewe. Kisha akajiambia atamweleza daktari. Kliniki iliyofuata figo ilipimwa ikaonekana safi. Ile ya baada yake ikaahirishwa kwa kuwa hospitali iliishiwa vifaa vya kupimia. Angemwanzaje mkewe? Mwanamke amekatwa ubavu, mpaka leo habebi ndoo, halafu umwambie unatupa dawa? Uongo mdogo ukishapata pa kulala, huomba na chakula.

Kwa hiyo mchana wa siku ile godoro lilipoanikwa, binti alikunywa bilauri yake, akaomba ya pili, akaomba maji. Kisha akaushika mguu.

"Umekaza tena, Baba."

Alimkanda shavu la mguu kwa vidole vyake vyenye kunata. Vidole vya mtoto vilikuwa vikitetemeka, na pumzi yake ilinuka tunda lililoiva kupita kiasi. Mtu mwingine yeyote angeishtukia harufu ile. Yeye alikuwa amesimama ndani ya harufu ya sukari tangu asubuhi, kama kila siku, akaona ni ileile ya kibanda.

"Nenda kapumzike," alimwambia. "Umecheza sana."

*

Siku mbili baadaye mwalimu alikuja kibandani mwenyewe, jasho linamtoka, Chiriku yuko begani kwake kama mtoto mchanga.

"Ametapika, halafu akalala juu ya dawati. Tunamwita, anaitika kwa mbali."

Gurudumu liliachwa na muwa ukiwa bado mdomoni mwa mashine. Mama mtu aliwakuta hospitali, tepu ya kupimia ingali shingoni, uzi mweupe kwenye mkono wa gauni. Alimshika binti yake upande wa chini wa tumbo, pale figo ilipolala, kama anayepapasa kuona iwapo mfuko wa pesa bado upo.

Nesi alimchoma Chiriku kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Akakitazama, akachoma kidole kingine.

"Kimeharibika?" baba aliuliza.

"Hakijaharibika. Sukari imepita pale kinapoishia kuhesabu."

"Sukari ya nani?"

Nesi alimtazama kwa huruma ile ya watu wa hospitali, ambayo haina muda wa kukaa. "Ya mtoto wako, Baba."

Walimtundikia maji, wakamtia insulini. Jioni akawa amefumbua macho, na daktari wa figo, mama mmoja mwembamba aliyewajua tangu enzi za mashine, akaja na majibu mkononi.

"Figo bado ni nzima," alianza na hilo, kwa kuwa alijua ndilo walilokuwa wakilingoja. Mama mtu akaketi ghafla. "Lakini ana kisukari. Na magnesiamu yake imeshuka vibaya mno. Zile chumvi za mchana anameza?"

"Kila siku," mama alijibu upesi, kwa fahari ya mtu mwenye nyumba safi. "Baba yake humpa mwenyewe, kwa mkono wake."

Daktari akamgeukia Bwana Miwa. Mkewe naye akamgeukia. Alifungua kinywa, na neno lilikuwepo, Mungu ni shahidi, lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nilikuwa nazitema," sauti ndogo ikatoka kitandani.

Wote wakainama.

"Nini?"

"Baba akinipa naficha chini ya ulimi. Akigeukia mashine natema." Chiriku alikuwa akizungumza na dari. "Zinaniharisha. Nilichoka."

Mama mtu hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mimi nimepasuliwa," alisema polepole. "Nimetoa kiungo mwilini mwangu nikakupa wewe. Usiku nikigeuka upande huu bado kunauma. Na wewe unatema?"

"Nisamehe, Mama."

"Unatema!"

Pale ndipo mwanamume alipopaswa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe, laini, ya baba mwema, ikisema: "Basi, mke wangu, basi. Mtoto mgonjwa." Na mkewe akamtazama kwa shukrani, akamwegemea begani na kulia. Alisimama vile, amebeba kichwa cha mkewe, hawezi kumtazama binti yake. Laiti ardhi ingepasuka angetangulia yeye.

*

Alimfuata daktari kwenye ujia.

"Ni kwa sababu ya zile chumvi?"

"Sijui."

"Daktari, niambie ukweli. Nitauvumilia."

"Huo ndio ukweli, sijui." Daktari aliegemea ukuta, naye alikuwa amechoka. "Dawa yenyewe inayolinda figo inaweza kuleta kisukari. Ile nyingine anayomeza nayo inachangia. Magnesiamu ikipungua, tunaona hatari inazidi, na juisi za kila siku hazikumsaidia. Lakini siwezi kukuapia kwamba angezimeza zote asingeugua. Wapo wanaomeza zote wakaugua."

Bwana Miwa alikuwa amekuja kutafuta hukumu. Kama ni yeye, aambiwe ni yeye, aanguke chini. Kama si yeye, aachiwe. Hili la katikati hakujua alishike wapi.

"Sasa hiyo dawa mbaya mwondolee."

"Nikiiondoa, mwili utaikataa figo."

"Basi ipunguze."

"Hilo tutalijaribu."

Wakalijaribu. Kwa siku kadhaa sukari ilitulia kidogo, mama mtu akaanza hata kumsahihisha nesi namna ya kutandika shuka. Kisha damu ikapimwa, na figo ikaonekana inaanza kulalamika. Daktari akarudisha dawa palepale ilipokuwa, na sukari ikapanda palepale ilipokuwa. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Lakini wahenga hawakusema ufanye nini ukiwa umempandisha mwanao na wewe umebaki chini unatazama.

"Tunailinda figo," daktari aliwaambia siku ya kutoka. "Sukari tutaichoma sindano. Chumvi atazimeza, nimebadilisha aina, labda tumbo litazivumilia. Huenda kisukari kikaondoka baadaye."

"Huenda?" mama aliuliza.

"Huenda."

"Na kama hakiondoki?"

Daktari alimshika mkono. Mama alishukuru, kama mtu anavyoshukuru akirudishiwa chenji pungufu na nyuma yake kuna foleni.

Insulini ilitaka ubaridi, na ubaridi katika nyumba ile ulikuwa kwa mtu mmoja tu. Bwana Miwa alisimama dirishani kwa Mama Ufunguo kwa muda, akijifanya anasubiri wateja wa barafu waishe.

"Mama Ufunguo, nina ombi."

"Choo?"

"Friji." Alimwonyesha kiboksi. "Ni dawa ya sukari ya mtoto. Isigande tu. Hata pale mlangoni panatosha."

Mama Ufunguo alikitazama kiboksi, kisha akamtazama yeye, mtu aliyezoea kutaniana naye, leo amesimama kama mwanafunzi aliyefukuzwa kwa ajili ya karo.

"Ndiyo ule mkojo, kumbe?"

"Ndiyo ule."

"Na mimi nilikuwa namsema." Alipokea kiboksi kwa mikono miwili. "Lete. Ila usiwaambie watu, wataogopa barafu yangu. Na wewe usilie hapa dirishani, utanifukuzia wateja vilevile."

Alitaka kuacha kazi ya miwa. Mkewe akamwuliza watakula nini, na sindano watazinunua kwa nini. Akarudi kuzungusha gurudumu. Watoto wa watu walikuja na sarafu zao wakanywa utamu, na kwa sarafu hizo akanunua dawa ya sukari ya mwanawe. Chiriku alikatazwa kupita kibandani. Siku hizi alitoka shule moja kwa moja hadi kwa mama yake, akameza chumvi mbele ya cherehani, akafungua kinywa, akainua ulimi, akakaguliwa.

*

Sindano alichoma mama. Mkono uliozoea sindano hautetemeki, na yeye alichoma vizuri, haraka, bila neno. Kutokuwepo kwa neno ndiko kulikouma. Chiriku, ambaye zamani angeweza kusimulia ndoto moja toka uji hadi kengele ya shule, alinyanyua blauzi, akachomwa, akashusha blauzi, akaondoka.

Asubuhi moja mama aliweka bomba la sindano mezani, tayari limevutwa dawa, akamvuta mumewe nje na kuurudisha mlango.

"Leo mchome wewe."

"Mimi? Mikono yangu—"

"Mchome wewe. Mimi nikimshika tumbo, nikiliona lile kovu, nakumbuka alivyotema, hasira inanipanda. Sitaki kumchoma mtoto kwa hasira." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Na kingine. Mwambie umemsamehe."

"Nimsamehe?"

"Anakuogopa, baba Chiriku. Huoni? Kila nikitaja zile chumvi, anakutazama wewe. Mimi nitamsamehe, ni mwanangu, nipe siku. Lakini wewe ndiye uliyedanganywa kila mchana, ukimpa kwa mkono wako. Mwambie, mtoto apumue."

Akaenda kuchochea jiko uani. Mlango ukabaki nusu wazi.

Bwana Miwa aliingia. Chiriku alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sare amevaa, viatu amevaa. Alipoona ni baba, akashangaa kidogo, kisha akanyanyua blauzi. Kovu lilikuwa refu, limepinda kama tabasamu la upande. Baba alipiga magoti mbele yake.

"Chiriku," alinong'ona. "Kwa nini ulisema vile?"

Mtoto aliutazama mlango kwanza.

"Ungesema wewe, Mama angekuacha."

"Nani kakwambia?"

"Mimi hawezi kuniacha," Chiriku alisema, bila majivuno, kama anayeeleza hesabu iliyo wazi. "Mimi nina figo yake."

Alitaka kumwambia kwamba leo hii, sasa hivi, atatoka uani na kusema kila kitu. Alitaka kweli. Lakini alimwona mkewe kupitia upenyo wa mlango, mkono mmoja umeshika ubavu, mwingine unapepea makaa, na akaona nyumba nzima imesimama juu ya uongo wa mtoto huyu, na akijaribu kuuvuta atawaangukia wote watatu. Au labda hiyo ilikuwa hoja nyingine nzuri tu. Alikuwa bingwa wa hoja nzuri.

"Umemwambia?" sauti ya mkewe ikauliza kutoka uani.

Chiriku alimwinamia, pumzi yake ikamgusa sikio.

"Sema, Baba. Anasubiri."

Akasema kwa sauti ya kufika uani, "Nimekusamehe, mwanangu."

"Asante, Baba," Chiriku alijibu, naye kwa sauti ya kufika uani. Kisha akajibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa, akamshikia hapo hadi mkono wa baba yake ulipoacha kutetemeka.